Kufunga Makelele Bila Kufunga Joto



Tangu trimestri ya pili ianze kuna mabishano kati ya watu wa chini na watu wa juu, na kila jioni yanarudi kama mvua ya Butembo. Dortware ya wadogo iko kwa etaji. Chini yake ni chumba cha etidi, na kando ya etidi ni jikoni. Sisi wa mwaka wa sita tunasoma mpaka saa nne ya usiku, kwa sababu Egzame ya Taifa haingojei mtu, na juu ya vichwa vyetu watoto arobaini wanatembea, wanakokota masanduku, wanaruka kitanda kwa kitanda. Wakubwa wameomba nyufa zote za sakafu zifungwe na ngazi iwekewe mlango. Wadogo wanajibu: mkifunga, joto la chini halitapanda tena, na sisi tutalala na baridi.

Kama kapita nimeombwa kuandika juu ya jambo hili. Nimefungua tena kaye ya fizika, nimeuliza mafundi wa mbao na wa matofali, nimepima sakafu kwa kamba. Kumbe pande zote mbili zina haki nusu nusu. Makelele na joto havizuiwi na vitu sawasawa. Kitu kinachozuia makelele sana kinaweza kuacha joto lipite, na kitu kinachozuia joto sana kinaweza kuacha makelele yapite. Mtu akishika neno hilo moja, anaweza kutenganisha hivi viwili.

Kwanza tuseme juu ya baridi yenyewe, maana mgeni atacheka. Mstari wa ikweta unapita karibu nasi, kati ya Butembo na Lubero. Baridi inatoka wapi? Inatoka kwa urefu wa milima. Butembo iko karibu metre 1,800 juu ya bahari, Beni iko chini ya metre 1,300, na kila unapopanda metre 1,000 hewa inapoa kama digrii 6. Ndiyo maana mwenzetu anayetoka Beni anafika hapa na shuka moja, kisha juma la pili anaandikia mama yake amtumie blanketi. Tena dortware yetu iko chini ya manjanja matupu, bila plafo. Mchana manjanja yanachoma, usiku yanatupa joto lao lote kwa anga, na asubuhi yanatoa majimaji. Basi wadogo hawasemi uongo.

Sasa makelele. Yana njia mbili za kushuka, na watu wengi wanazichanganya.

Njia ya kwanza ni hewa. Mtoto anapiga kelele, hewa inatikisika, mtikisiko unatafuta tundu. Hapa hesabu inashangaza. Mbao za sakafu yetu, ambazo ni za mkalatusi, zina upana wa sentimeta 15, na tangu zikauke kumebaki ufa kama milimeta 3 kati ya ubao na ubao. Ndiyo kusema sehemu 2 kwa 100 za sakafu ni hewa tupu. Kidogo tu, si ndiyo? Lakini sauti inapimwa kwa desibeli, na sakafu yenye uwazi wa sehemu 2 kwa 100 haiwezi kuzuia zaidi ya desibeli 17 hivi, hata kama mbao zake zingekuwa za chuma. Uwazi ukiwa 1 kwa 100, mwisho ni 20. Ukiwa 1 kwa 1,000, mwisho ni 30. Sikio letu linasikia kushuka kwa desibeli 10 kama sauti imekatwa nusu. Kwa hiyo mtu akiweka mikeka mitatu na kuacha nyufa na ngazi wazi, amejaza maji katika ndoo yenye tundu.

Kuna namna rahisi ya kuona matundu hayo, na tuliifanya Jumanne. Taa kali inawekwa chini usiku, juu kunazimwa zote. Fasi mwanga unapopita, sauti pia inapita. Wale waliokuwa juu walisema sakafu ilionekana kama kaye yenye mistari.

Njia ya pili ni mbao zenyewe. Mguu unapiga ubao, ubao unatikisa madriye, madriye inatikisa ukuta, na mtu aliye chini anasikia kama ngoma. Hapo nyufa hazina kosa. Hata sakafu ya beto nzito inapitisha kisigino cha kiatu. Dawa yake ni kuweka kitu laini pale pale pigo linapoangukia: mkeka, kiatu kuvuliwa, kipande cha shambrea ya zamani chini ya kila mguu wa kitanda na wa sanduku. Fundi wa pneu wa sokoni anauza shambrea zilizochoka kwa bei ndogo, na moja inatosha vitanda vingi. Hiyo ndiyo kazi nyepesi kushinda zote, haiombi ruhusa ya mtu, na ninashangaa kwamba tumebishana majuma mengi mbele ya kuifanya.

Turudi kwa njia ya hewa. Nyufa zikifungwa, sauti inalazimika kupita ndani ya sakafu, na kinachoizuia hapo ni uzito. Kitu chepesi kinatikisika upesi, kizito kinakataa. Kila mara uzito wa metre kare moja unapoongezwa mara mbili, unapata kama desibeli 5 au 6. Ubao wetu wa sentimeta 2 na nusu una kilo kama 17 kwa metre kare. Tukipigilia mbao nyingine chini ya madriye, na kati yake tukaweka mchanga mkavu wa sentimeta 5, tunafika kilo karibu 115. Faida ni desibeli kama 15, nyufa zikiisha kufungwa. Chini makelele yatasikika kama sehemu moja ya tatu ya yale ya leo. Tena chembe za mchanga zinasuguana na kula mtikisiko, jambo ambalo jiwe moja kubwa haliwezi.

Wengine wamesema: kwa nini mchanga? Tujaze sponji ya matela za zamani, ni nyepesi na haina kazi. Wengine wameona plato za mayai kwa kuta za vyumba vya kurekodi nyimbo za kwaya, wanataka tubandike hizo kwa plafo ya etidi. Hapa kuna kosa ambalo linafanywa hata na watu wakubwa. Mwaka 1895, kule Harvard, Marekani, mwalimu kijana Wallace Sabine aliombwa kutengeneza chumba cha masomo ambamo sauti ilirudi-rudi mpaka mwalimu hakueleweka. Alileta mito ya viti usiku na usiku, akapima sauti inakufa kwa dakika ndogo ngapi, akaonyesha kwamba vitu laini vinameza mwangwi. Ni kweli. Lakini vinameza mwangwi wa chumba kilekile. Haviizuii sauti kwenda chumba cha jirani. Plato ya mayai ni karatasi, haina uzito. Ukiibandika, etidi itakuwa na mwangwi kidogo, na Petro na Yoane wa juu utawasikia vilevile, pengine vizuri zaidi.

Na sponji ina ubaya mwingine unaotuhusu sana: inafunga joto. Ndiyo kazi yake kwa kitanda. Nimefanya hesabu kwa namna tulivyofundishwa. Sakafu ya mbao mbili na mchanga sentimeta 5 itaacha karibu nusu ya joto linalopita leo ndani ya mbao. Kati ya mbao zilezile ukiweka sponji ya unene uleule, itabaki karibu moja ya tano tu. Basi mchanga ni adui wa makelele na ni rafiki wa wadogo. Tena unashika joto: unapashwa pole pole jioni, kisha unalirudisha pole pole usiku, wakati sisi wa chini tumekwisha kulala.

Jambo hili hatukulivumbua sisi. Katika nyumba za zamani za Edinburgh na Glasgow, kule Scotland, ambamo familia moja inakaa juu ya nyingine, mafundi walimwaga majivu kati ya madriye, na jina walilolipa kazi hiyo maana yake ni kuifanya sakafu iwe kiziwi. Karibu nasi zaidi, nyumba za etaji za Lamu na Unguja zina sakafu za mawe ya matumbawe na chokaa zilizolazwa juu ya boriti za mikoko. Ni nzito sana, na uzito una bei yake: boriti haziwezi kubeba mbali, ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, upana wake haufiki hata metre 3. Sisi pia tusisahau bei hiyo. Nitairudia chini.

Nyufa zinaleta joto kweli? Saa mbili ya usiku, ndiyo. Etidi ina watu hamsini, jikoni moto bado uko, hewa ya moto inapanda na kupita kwa nyufa. Lakini saa nane ya usiku? Chini hakuna mtu, jiko limepoa. Juu watoto arobaini wanalala, kila mmoja anatoa joto kama la ampule ya wati 60. Hewa yao ya moto inapanda mpaka chini ya manjanja, inatoka kwa uwazi kati ya ukuta na manjanja, na ile inayotoka lazima nyingine iingie mahali pake. Inaingia wapi? Kwa nyufa za sakafu, ikitoka chumba baridi cha chini! Basi ufa uleule unaokuletea joto ukiimba wimbo wa jioni unakuletea baridi ukiwa umelala. Wadogo wetu wanatetea mwizi anayewapa bombo jioni.

Tazameni hesabu ya watoto hao. Wati 60 mara 40 ni wati 2,400. Kwa saa nane za usingizi, ni joto la makala zaidi ya kilo 2. Hakuna haja ya kulitafuta chini, limo ndani ya blanketi; shida ni kwamba linatoka kwa manjanja. Kwa hiyo ninasema wazi, hata kama wakubwa wenzangu watanuna: tusifunge sakafu kabla ya kuweka plafo ya dortware, au angalau vyote viwili pamoja. Na hapo, juu ya plafo, ndipo vitu vyepesi vina kazi: sponji ya zamani hapana, sababu ya moto, lakini majani makavu ya migomba nayo hapana, sababu ileile na panya. Unga wa mbao uliochanganywa na chokaa au udongo mfinyanzi, sentimeta 5, unatosha. Matundu mawili ya hewa yaachwe juu ya kuta za mwisho, moja kila upande, kwa maana watu arobaini wanapumua, na kikohozi cha mmoja kinakuwa kikohozi cha wote.

Sasa jambo lililonifanya nikubali kuandika. Baridi ikizidi, kuna wanaopandisha mbabula. Nimeikuta kwa vyumba vya wapangaji hapa mjini, na mtu asiseme kwamba kwetu haiwezi kufika. Wanasema: makala yamekwisha kushika, hakuna moshi tena, hakuna hatari. Kinyume! Makala mekundu yasiyo na moshi yanatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu, rangi wala ladha. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kushinda oksijeni, na damu iliyoshikwa haibebi tena pumzi. Mtu anaumwa kichwa, anasikia usingizi, anafikiri ni uchovu wa siku, analala, haamki. Kwa urefu wetu hewa ina oksijeni pungufu kama moja ya tano kushinda kwa bahari, ndiyo kusema tunaanza tukiwa na deni.

Na hewa hiyo haihitaji mbabula iwe ndani ya dortware. Ikiwa chini, inapanda na joto kwa nyufa zilezile. Wakorea wanajua habari hii kwa machozi. Wao tangu zamani wanalala juu ya sakafu inayoitwa ondol: moto unawashwa upande mmoja wa nyumba, moshi wake unapita katika njia chini ya mawe ya sakafu, kisha unatoka kwa shimni upande mwingine. Juu ya mawe kuna udongo, na juu ya udongo karatasi yenye mafuta. Joto linapita ndani ya jiwe, moshi haupiti. Ni akili kubwa, tena ni ileile ninayoitafuta hapa. Lakini baada ya vita vyao vya 1950 mpaka 1953, watu wengi wa miji walianza kuchoma matofali ya makaa ya mawe. Sakafu ikipasuka kidogo, hewa ya sumu iliingia usiku, na kwa miaka mingi familia ziliokotwa asubuhi zimekufa. Leo nyumba zao zinapitisha maji ya moto katika mabomba chini ya sakafu.

Sisi tuna ondol ndogo tayari, na hakuna anayeitazama: shimni ya jikoni. Imejengwa kwa matofali ya kuchoma, inapanda kupitia pembe ya dortware, na mpaka saa tatu ya usiku unaweza kuweka mkono na kusikia moto. Masanduku yamepangwa mbele yake, yanakula joto bure. Yaondolewe, vitanda vya watoto wanaougua kifua visogezwe upande huo. Ila kwanza fundi aipige udongo upya kwa kila kiungo, kisha tuifanyie mtihani mchana: majani mabichi yachomwe jikoni, watu wawili wasimame juu. Wakiona uzi mmoja wa moshi, mtu asilale pale mpaka itengenezwe. Na mbao za sakafu zisiguse matofali ya shimni. Nafasi kati yake ijazwe mchanga au udongo.

Juu ya mlango wa ngazi nina neno fupi. Ngazi ni tundu kubwa kushinda nyufa zote, kwa hiyo mlango unahitajika, mzito, wenye kauchu pembeni ili ufungwe sawasawa. Lakini usiwe na kufuli, na ufunguke kwa kusukuma ukitoka. Mwezi wa tatu 2001, katika shule ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, vijana 67 walikufa katika dortware iliyowaka moto, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Kama mtu anataka mlango wa kufunga wadogo ndani ili wasitushukie, mimi si upande wake.

Kazi sasa. Sakafu yetu ni metre 6 kwa 10, ndiyo metre kare 60. Mchanga wa sentimeta 5 ni metre kibu 3, kilo karibu 4,800. Kwa besani ya kilo 20 ni besani 240, salongo ya Jumamosi moja kama kila mtu atashika yake. Lakini kilo 80 mpya kwa kila metre kare si mchezo. Mbele ya besani ya kwanza, fundi lazima apime unene wa madriye, nafasi kati yake, na kama zimeegemea ukuta wa katikati au zinaruka metre 6 zote. Zikiruka zote, nguzo ziwekwe chini kwanza. Akisema hazitoshi kwa sentimeta 5, tuweke 3. Tutapoteza desibeli chache tu. Mchanga uwe mkavu kabisa, maana mchanga wa maji ni mzito zaidi na unaozesha mbao. Uanikwe juu ya manjanja ya zamani wakati mvua inapungua. Chini yake itandikwe karatasi za mifuko ya sima, bila hiyo fufu ya jikoni itakuwa na chembe, na tutabishana upya. Nyufa za juu zijazwe gundi iliyochanganywa na unga wa mbao.

Bwana Prefe amekwisha kupokea hesabu hii na amesema fundi atakuja Alhamisi. Shambrea hazimngojei fundi. Mwenye wembe mkali aje kwangu kesho baada ya michezo, chini ya mwavokado, tukate vipande 160 vya vitanda vya wadogo, na vya mabenchi yetu ya etidi pia, kwa maana wadogo wamelalamika, na ni kweli, kwamba saa nne ya usiku sisi tunayakokota.

Kapita wa enterna, mwaka wa sita